Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na Shule ya Nyumbani

Kanisa hufundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilieleza jambo hilo mwaka 1965 katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo, na Mtakatifu Yohane Paulo II alilikazia mwaka 1981 katika wosia wake juu ya familia, akionya kwamba wajibu huo hauwezi kukabidhiwa wote kwa watu wengine. Katika nchi nyingine, hasa Marekani, zipo familia za Kikatoliki zinazowafundisha watoto wao masomo yote nyumbani. Kwetu Tanzania sheria inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule, na sheria hiyo ina busara yake. Lakini swali ambalo familia zile zinajiuliza linatuhusu na sisi: mtoto anajifunza nini nyumbani, na kutoka kwa nani? Maisha ya Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere yanatupa mwanga.

Alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake 22 wa mtemi huyo. Mtoto alipewa jina la Kambarage, ambalo Wazanaki walilihusisha na mzimu wa mvua. Katika nyumba ile hapakuwa na kitabu, na kwa miaka 12 ya kwanza Kambarage hakukanyaga darasani.

Hata hivyo alifundishwa. Alichunga mifugo pamoja na watoto wenzake, akajifunza kuwajibika kwa mali isiyo yake peke yake. Alimwona mama yake akilima, akipika na kubeba mizigo. Katika baraza la baba yake wazee walikuja na mashauri yao, na palepale mtoto aliweza kusikia jinsi neno linavyopimwa kabla ya kutamkwa. Alijifunza pia kucheza bao, mchezo unaodai hesabu na subira. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wakubwa waliocheza naye alivutiwa na akili ya kijana yule, akamshauri mtemi ampeleke shule. Basi, kipaji chake kilitambuliwa nyumbani kabla mwalimu yeyote hajamtahini.

Mwaka 1934 alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa zaidi ya kilometa 40 kutoka Butiama. Huko aliishi bweni, lakini aliingia bweni akiwa na miaka 12, tayari akijua yeye ni nani na ametoka kwa watu gani. Huko pia alianza kuhudhuria mafundisho ya dini. Mwaka 1937 alijiunga na Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoendeshwa kwa kuiga shule za bweni za Kiingereza. Baba yake alifariki mwaka 1942, na tarehe 23 Desemba 1943 kijana huyo alibatizwa kwa jina la Julius.

Alikuwa amekwisha kuingia Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Huko aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akitumia mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kuyapima maisha ya wanawake wa Kizanaki. Mill alimsoma chuoni, lakini taabu ya wanawake wale aliijua kwa kukua kati yao. Elimu ya chuo haikumfanya aidharau nyumba yao, wala upendo wake kwa nyumba hiyo haukumziba macho asione dhuluma iliyokuwamo.

Alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Aliporudi mwaka 1952 na shahada yake, alikwenda Butiama na kujenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, jambo lililowashangaza waliodhani kuwa msomi hashiki udongo. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel. Akafundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, hadi Machi 1955, alipolazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa. Alirudi nyumbani kwa miezi kadhaa, na katika kipindi hicho alimfundisha padre mmoja wa Shirika la Maryknoll lugha ya Kizanaki.

Machi 1967, akiwa Rais, alitoa andiko lake, Elimu ya Kujitegemea. Humo aliwakumbusha Watanzania kwamba kabla ya ukoloni Waafrika wengi hawakuwa na shule, lakini hawakukosa elimu. Watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa, na kila mtu mzima alikuwa mwalimu kwa kiasi chake. Aliikosoa shule ya kikoloni kwa kumtenga mtoto na jamii yake na kumfundisha kuidharau kazi ya wazazi wake.

Hata hivyo hakusema shule zifungwe. Chini ya uongozi wake, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfunga mzazi kumpeleka mtoto shule. Aliona kwamba kumwachia kila mzazi uamuzi huo kungewanyima wengi haki yao, hasa wasichana. Alikosolewa pia. Katika shule nyingi kujitegemea kuligeuka kuwa jembe tu, pasipo fikra. Na sheria ya mwaka 1969 iliyoziweka shule nyingi za misheni chini ya Serikali ililiuma Kanisa, ingawa yeye alitafuta usawa kati ya watoto wa dini zote. Kanisa lilijifunza tangu hapo kwamba imani isiyo na mizizi katika familia na katika jumuiya ndogondogo haiwezi kuegemea shule peke yake.

Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Huko alizigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili, zilizochapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Alijulikana kwa kushiriki Misa karibu kila siku. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Tutazame sasa nyumba zetu hapa Mafinga. Wazazi wengi huondoka alfajiri kwenda kwenye mashamba ya miti, viwanda vya mbao, chai au soko, na watoto hurudi shuleni jioni wakiwa wamechoka. Wengine walipelekwa bweni wakiwa wadogo mno, hata mwaka 2023 Serikali ikazuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Tunalipa ada kwa jasho, na hilo ni tendo la upendo. Lakini ada hainunui nafasi ya baba wala ya mama.

Mtoto na aende shule, tena kwa bidii. Anaporudi, akute nyumba inayofundisha. Ajue kupika ugali na kupanda mti. Aisikie lugha ya babu na bibi yake. Akae karibu wazee wanaposuluhisha jambo, aone jinsi tunavyosema kweli na jinsi tunavyosameheana. Asali Rozari pamoja nasi kabla ya kulala, na Injili ya Dominika isomwe mezani kabla ya kusikika kanisani. Hayo hayahitaji cheti wala fedha, yanahitaji tuwepo.

Tumwombe Mungu, kama ni mapenzi yake, amjalie Mtumishi wake Julius heshima ya altare, na atujalie sisi neema ya kuwa walimu wa kwanza wa watoto aliotukabidhi.