Marehemu Shaaban Robert, Karani na Mwandishi



Katika kidato chetu cha nne tuko wengi tunaoamini kuwa mtu asiyeendelea na masomo baada ya mtihani amekwisha. Mimi nami nilikuwa na mawazo hayo mpaka niliposoma habari za marehemu Shaaban Robert, ambazo nataka kuwaeleza kwa ufupi.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Wazee wake walikuwa wa asili ya Kiyao, kabila tunalolijua sana sisi watu wa kusini. Alisoma shule Dar es Salaam tangu mwaka 1922 hata 1926. Chuo kikuu hakukiona.

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha, akafanya kazi Pangani, mji wa pwani kama huu wetu wa Lindi. Mwaka 1944 alihamia Mpwapwa katika idara ya mifugo. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akawa karani katika ofisi ya wilaya, kisha katika ofisi ya upimaji. Basi mshahara wake ulitoka katika ukarani, bali jina lake lilitoka katika kalamu aliyoishika kwa hiari yake.

Kitabu chake cha Kusadikika kilitolewa mwaka 1951, wakati nchi yetu ikitawaliwa na Waingereza. Ni hadithi ya nchi iliyo angani. Humo Karama anashtakiwa kwa sababu ametaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, wakaambulia adhabu waliporudi. Nilipokisoma hapa Rasbura niliona ajabu jinsi karani wa serikali alivyothubutu kusema juu ya dhuluma kwa njia ya hadithi.

Alifariki mwezi Juni, 1962, miezi sita tu baada ya Uhuru. Vitabu vyake vingine hakuviona vikipigwa chapa. Kufikirika kilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Katika hiki cha pili, Utubora anaacha kazi ya ofisini, anakwenda kulima, wala haoni haya.

Wenzangu, sisemi kwamba tuudharau mtihani. Tusome kwa bidii, maana wazazi wetu wamejinyima kwa ajili yetu. Lakini nimejifunza kwamba cheti ni mlango mmoja tu, na nyumba ina milango mingi. Shaaban Robert hakungoja cheo ndipo aandike, wala hakuacha kuandika kwa kuwa vitabu vilichelewa kutoka. Mimi nimekwisha nunua daftari langu, na matokeo yakiwa mema au mabaya, nitaliandika mpaka lijae.