Carrier: Mhandisi aliyeunda kiyoyozi ili kukausha hewa

WENGI hudhani kwamba kiyoyozi kilibuniwa ili kuwapunguzia binadamu joto. Ukweli ni kuwa Willis Haviland Carrier, Mmarekani anayetambuliwa kuwa baba wa kiyoyozi cha kisasa, aliunda mtambo wake wa kwanza ili kuokoa karatasi zilizokuwa zikiharibiwa na unyevu.

Carrier alizaliwa Novemba 26, 1876, shambani karibu na mji wa Angola katika jimbo la New York. Alipotatizwa na hesabu za sehemu akiwa mdogo, mamake alimkatia matufaha kwa nusu na robo hadi akaelewa. Mama huyo alifariki mwanawe angali mtoto, lakini funzo la kuligawa tatizo gumu katika vipande vidogo lilimwongoza maishani.

Alipata ufadhili wa kusomea Chuo Kikuu cha Cornell, alikohitimu uhandisi mnamo 1901. Mwaka uo huo aliajiriwa na kampuni ya Buffalo Forge kwa mshahara wa dola 10 kwa wiki.

Mtihani wake mkubwa ulikuja 1902. Katika kiwanda cha uchapishaji cha Sackett-Wilhelms mtaani Brooklyn, karatasi zilifyonza unyevu na kutanuka, kisha zikanywea hewa ilipokauka. Kwa kuwa kila rangi ilichapwa kwa zamu yake, rangi hazikukutana mahali palipofaa, na kazi ikaharibika.

Julai 17, 1902, Carrier alikamilisha michoro ya mtambo uliopitisha hewa juu ya mabomba baridi. Hewa ikipoa haiwezi kubeba mvuke mwingi. Unaozidi hugeuka matone na kutiririka. Shabaha ilikuwa kudumisha unyevu wa kiwandani katika asilimia 55.

Baadaye, akisubiri garimoshi jijini Pittsburgh usiku wenye ukungu, alitambua kwamba kiasi cha maji hewani kinaweza kuamuliwa kwa kudhibiti kiwango cha joto ambacho umande huanza kutokea. Alipewa hataza ya mtambo wake 1906, na mnamo 1911 akawasilisha kanuni zake za hesabu mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo wa Marekani.

Mnamo 1915, yeye na wenzake sita walianzisha kampuni yao. Jumba la sinema la Rivoli jijini New York lilipowekewa mtambo wake 1925, watazamaji walifika na mapepeo, kisha wakayaweka chini baridi ilipoenea. Tangu hapo umma ukazoea kukiona kiyoyozi kama chombo cha kuleta baridi tu.

Carrier aliaga dunia Oktoba 7, 1950, akiwa na umri wa miaka 73.

Hata hivyo, kanuni aliyoiacha ndiyo inayoeleza kwa nini nyumba nyingi zenye viyoyozi huota kuvu. Katika miji ya pwani kama vile Mombasa, hewa ya bahari hubeba mvuke mwingi. Dirisha likiachwa wazi kiyoyozi kikiwaka, mvuke huo huingia na kugeuka umande kwenye kuta baridi na nyuma ya makabati.

Aidha, kiyoyozi kikubwa kupita mahitaji ya chumba hupoza upesi na kuzima kabla ya kukausha hewa. Chumba husalia baridi lakini chenye unyevu, na mwenyeji huzidi kushusha kipimo cha joto, jambo linalozidisha umande. Ni heri kununua mtambo unaolingana na ukubwa wa chumba.

Isitoshe, maji yanayotolewa hewani sharti yapate njia. Bomba la kuyatoa nje likiziba, humwagika ukutani. Bomba hilo na trei yake vinapaswa kukaguliwa mara kwa mara, na chujio kusafishwa ili hewa ipite vyema juu ya mabomba baridi.

Wataalamu hushauri unyevu wa nyumbani usizidi asilimia 60, na mahali palipolowa pakaushwe katika muda wa saa 24 hadi 48, kabla kuvu haijaota. Kifaa kidogo cha kupima unyevu hutosha kumwonyesha mwenye nyumba hali ilivyo.

Kupaka rangi juu ya madoa meusi pasipo kuondoa chanzo cha maji ni kazi bure, kwa maana kuvu hurejea, nayo huweza kuwaamshia pumu watoto na wazee. Kabla ya kubuni mtambo wake, Carrier alizingatia kwanza maji yaliyokuwa hewani, na nyumba yenye kiyoyozi huhitaji uangalifu uo huo.