Mzigo wa Kadiri ya Bega: Habari za Daktari Maria Montessori



Sisi wa Kanyenye tunakaa penye njia ya zamani ya misafara. Mwingereza Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka 6 au 7 walikuwa wameanza kubeba kipande kidogo cha pembe ya ndovu mabegani. Njia ile ilikuwa na machozi mengi, wala hatutamani irudi. Lakini wazee wetu walijua jambo moja: mtoto hatwishwi pembe ya mtu mzima, wala haachwi mikono mitupu. Hupewa mzigo wa kadiri ya bega lake.

Mwezi huu twaleta habari za mama mmoja aliyelijua jambo hilo huko Ulaya, akalifundisha dunia nzima.

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870, naye alikuwa mtoto wa pekee. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Maria alipokuwa bado mdogo walihamia Roma. Alipotaka kusoma udaktari baba yake hakupendezwa, lakini mama yake alimtia moyo. Siku zile haikufaa mwanamke akae pamoja na wanaume mbele ya maiti inayopasuliwa, basi ilimbidi afanye masomo hayo peke yake, jioni, wenzake wakiwa wameondoka. Hakukata tamaa. Mwaka 1896 alipata shahada yake, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza kuwa madaktari katika Italia.

Kazi yake ilimpeleka kwa watoto wenye ulemavu wa akili, waliofungiwa katika vyumba visivyokuwa na kitu. Watu walidhani watoto wale wanaokota makombo sakafuni kwa ulafi. Yeye aliona kwamba wana njaa nyingine, njaa ya kitu cha kushika na kufanyia kazi. Akawapa vitu vya kushika, kupanga na kulinganisha. Baadhi yao wakajua kusoma na kuandika, wakashinda mtihani sawa na watoto wengine. Watu walimsifu, lakini yeye alijiuliza ni kitu gani kinachowarudisha nyuma watoto wazima, hata wapitwe na hawa.

Jibu alilipata katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Kampuni moja ilikuwa imetengeneza majengo ya wapangaji huko. Wazazi walikwenda kazini tangu asubuhi, na watoto wao wadogo walibaki wakichafua kuta na ngazi. Kampuni ilitaka mtu wa kuwaangalia ili majengo yasiharibike. Basi siku ya Epifania, tarehe 6 Januari 1907, Maria alifungua pale nyumba ya watoto. Walikuwa kama 50 hivi, wasiofika miaka 7, nao walikuwa waoga na wenye kulialia.

Maria aliagiza meza na viti vidogo ambavyo mtoto aweza kuviinua mwenyewe. Akawafundisha kunawa, kufagia, kufunga vifungo na kuandaa meza. Aliwapa vyombo vya kweli, hata vile vinavyovunjika, kwa sababu mtoto apewapo kikombe kisichovunjika hajifunzi kukishika vizuri. Siku moja aliwaonyesha, polepole na bila maneno mengi, namna ya kupenga kamasi kwa kitambaa bila kelele. Alipomaliza watoto walimpigia makofi. Ndipo alipotambua kwamba maisha yao yote walikuwa wamekaripiwa kwa ajili ya pua zao chafu, lakini hakuna aliyewahi kukaa nao awaonyeshe.

Siku nyingine mwalimu alisahau kufunga kabati kwa ufunguo. Alipofika alikuta watoto wamekwisha kulifungua, kila mmoja amechukua kifaa chake na kushika kazi. Mwalimu aliona huo ni wizi. Maria aliona kwamba watoto wanajua wanachokihitaji, na tangu hapo vifaa viliwekwa kwenye rafu fupi ambazo wao wenyewe wazifikia. Alimwona pia binti wa miaka kama 3 akichomoa na kuchomeka vipande vya mti katika matundu yake zaidi ya mara 40, wala hakushtuka watoto wenzake walipoimba karibu naye. Alipomaliza alikuwa na furaha kama mtu aliyeamka baada ya kulala vizuri.

Wazazi nao waliwekewa sharti. Kila mama alitakiwa kumleta mtoto akiwa safi, na kufika angalau mara moja kwa juma kuzungumza na mwalimu juu ya mwenendo wa mtoto nyumbani. Maria alijua kwamba yanayojengwa mchana yaweza kubomolewa jioni.

Na sisi je? Asubuhi ya Jumapili, kengele ikikaribia kulia, tunamvalisha shati mtoto wa miaka 4, tunamfunga viatu, tunamlisha uji kwa kijiko, kwa kuwa tuna haraka. Twadhani ni upendo. Lakini tukifanya hivyo kila siku, twamfundisha kwamba mikono yake haina kazi. Baadaye akifika miaka 12 twamwita mvivu.

Haihitaji fedha nyingi. Pigilia msumari wa nguo chini, usawa wa mkono wake. Mkatie ufagio uwe mfupi. Mpe kopo dogo la maji na kigoda, ajifunze kunawa mwenyewe. Mtoto wa miaka 3 aweza kuweka ndala zake mahali pake. Wa miaka 4 aweza kukusaidia kuchambua maharage. Wa miaka 5 aweza kutandika mkeka na kugawa sahani. Mwonyeshe mara moja, polepole, kisha mwachie. Akimwaga maji, mpe kitambaa apanguse, usimpe kofi. Na akifagia vibaya, usifagie tena mbele ya macho yake. Moto, kisima na dawa, hivyo viko mikononi mwa mkubwa daima.

Tuangalie pia tusipotoke upande wa pili. Kuna nyumba ambamo binti wa miaka 7 amebebeshwa mdogo wake mgongoni na ndoo ya maji kichwani, huku kaka yake amekaa chini ya mwembe. Huko si kumfundisha kujitegemea, bali ni kumtumikisha. Bega lake limepewa pembe ya mtu mzima, na la kaka yake limeachwa tupu. Wote wawili wamedhulumiwa.

Huenda mtu akadhani Maria alikuwa mama asiyekosa kitu. Sivyo. Mwaka 1898 alimzaa mwana, Mario, bila ya ndoa. Kwa desturi za wakati ule habari hiyo ingemwondoa kabisa katika kazi yake. Mtoto alipelekwa shamba kulelewa na watu wengine, na mama yake alikuwa akija kumtazama kama mgeni. Hivyo yule aliyefundisha watoto wa San Lorenzo kufunga vifungo hakuwa karibu mwanawe alipojifunza kufunga vyake. Mario alikuwa kijana wa miaka kama 15 mama yake alipomchukua kukaa naye. Hata hapo, kwa miaka mingi alijulikana mbele ya watu kama mpwa au mtoto wa kulea.

Mario hakumwacha. Alisafiri naye na kumsaidia kazi yote. Mwaka 1934 shule za Maria katika Italia zilifungwa, kwa kuwa hakukubaliana na serikali ya Mussolini. Mwaka 1936 vita vilimtoa Hispania, akahamia Uholanzi. Mwaka 1939 walikwenda India kufundisha walimu. Mwaka uliofuata Italia iliingia vitani upande wa Wajerumani, na Waingereza wakamtia Mario kizuizini. Tarehe 31 Agosti 1940 Maria alitimiza miaka 70. Siku hiyo serikali ya India ilimfungulia Mario kama zawadi, na katika taarifa yake ilimtaja wazi kuwa ni mwanawe. Neno ambalo mama hakuweza kulisema hadharani kwa miaka 42 lilisemwa na wengine.

Maria alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952, akazikwa huko huko. Siku zake za mwisho alikuwa akizungumza na Mario juu ya safari ya Afrika, kwenda kufundisha walimu wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Hakuwahi kufika. Lakini kazi yake ilifika, na hapa Tanzania wako walimu wengi wa chekechea waliosomea njia yake.

Twakumbuka habari za Hana, mama wa Samweli. Mwanawe alikuwa mbali naye huko Shilo, akihudumu hekaluni angali mdogo, na kila mwaka mama yake alimpelekea kanzu ndogo. Ni lazima kila mwaka alikadiria upya urefu wake. Basi, akina baba na akina mama, watoto wetu hawako Shilo. Wako uani, wanatutazama. Leo jioni, kabla hujamfanyia mtoto jambo, ngoja kidogo, umpe nafasi ajaribu mwenyewe.