Ciamician: Mkemia aliyelitumainia jua

KATIKA kijiji cha Rwamgasa, mkoani Geita, mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huchoma donge linalopatikana. Dhahabu hubaki, zebaki hupaa. Mradi wa Umoja wa Mataifa uliofika kijijini hapo katika miaka ya 2000 ulihimiza uchomaji ndani ya chombo kilichofungwa, ili mvuke unaswe na zebaki itumike tena badala ya kuingia mapafuni.

Kutengeneza mali bila moshi na bila upotevu ndiko kulikomshughulisha mkemia Giacomo Ciamician zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Alizaliwa Agosti 27, 1857 mjini Trieste, uliokuwa chini ya Austria, katika familia yenye asili ya Armenia. Alisoma Vienna, akapata shahada ya udaktari Giessen, Ujerumani, mwaka 1880, kisha akawa msaidizi wa Stanislao Cannizzaro mjini Rome. Mwaka 1889 alikuwa profesa wa kemia Bologna, alikofanya kazi hadi kufa.

Huko, pamoja na Mjerumani Paul Silber, alianika juani chupa za kioo zenye kemikali, nyingine kwa miezi mingi. Walionyesha kuwa mwanga waweza kuzigeuza kemikali kuwa vitu vipya pasipo kuchemshwa.

Mwaka 1912, mbele ya wanakemia waliokutana New York, Ciamician alionya kwamba makaa ya mawe yana mwisho. Alitabiri viwanda visivyo na moshi katika nchi kame zenye jua kali. Hata hivyo, dunia iliendelea na makaa, kisha mafuta. Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza kazi yake na Silber. Alifariki dunia Januari 2, 1922, akiwa na umri wa miaka 64.

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitumia mwanga na kichocheo chenye madini ya iridiamu kutengeneza polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyomo katika plastiki na rangi. Taa ikiwashwa, mnyororo hurefuka, ikizimwa, husimama. Hivyo mtengenezaji huamua urefu autakao.

Kichocheo hakimalizwi na kazi, lakini kikiyeyuka hubaki ndani ya polima, na iridiamu ni adimu na ghali. Ndiyo maana watafiti wengine hukishikiza kwenye chembe ngumu, ili kichujwe na kutumika tena.

Zebaki ya Rwamgasa si kichocheo, lakini hesabu ni ileile: kisichokusanywa baada ya kazi ni hasara, na pengine sumu. Ciamician hakuviona viwanda alivyovitabiri. Nchi zenye jua alizozitaja bado zina jua hilo. Kinachosubiriwa ni maabara na watu wa kulitumia.