Fausto Coppi: bingwa wa Tour de France aliyeuawa na malaria

KAPATA, Kolwezi – Asubuhi na mapema kwenye barabara za Kapata, baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba magunia ya mawe ya shaba na kobalti, inabeba makala, na kuna siku inabeba mama na mtoto aliyeshikwa na homa usiku kucha, wakienda kwenye kituo cha afya. Wengi hapa Katanga wanaiita kinga. Na homa ile, mama analijua jina lake kabla muuguzi hajauliza: malaria.

Ndiyo maana maisha ya Fausto Coppi yanawahusu watu wa hapa kuliko wanavyoweza kudhani. Muitaliano huyo ni mmoja wa waendesha baiskeli wakubwa kuliko wote waliowahi kupita kwenye barabara za Ufaransa. Alishinda Tour de France mara mbili, na Giro, mashindano makubwa ya nchi yake, mara tano. Alikufa tarehe 2 mwezi wa kwanza 1960, akiwa na miaka 40 tu. Kilichomuua ni malaria aliyoipata Afrika, ambayo madaktari waliomtibu hawakuitambua.

Kijana wa kupeleka nyama

Coppi alizaliwa tarehe 15 mwezi wa tisa 1919 katika kijiji cha Castellania, kwenye vilima vya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali. Shule haikumshika sana, na akiwa na miaka 13 alienda mji wa Novi Ligure kufanya kazi kwenye duka la nyama. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wateja soseji na nyama kwa baiskeli, akipanda na kushuka vilima kila siku. Ndugu mmoja wa baba yake, nahodha wa meli, ndiye aliyempa pesa za kutafuta baiskeli ya mashindano.

Huko Novi Ligure alikutana na Biagio Cavanna, mkandaji wa wanamichezo ambaye alikuwa kipofu. Cavanna alimfundisha jinsi ya kufanya mazoezi, kula na kupumzika. Kijana yule alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu na kifua kilichochomoza, na akitembea kwa miguu hakuwa mtu wa kutazamwa. Akipanda baiskeli, alikuwa mtu mwingine.

Mwaka 1940 timu ya Legnano ilimchukua ili amsaidie Gino Bartali, aliyekuwa mfalme wa mbio hizo nchini Italia. Bartali akaanguka siku za mwanzo za Giro, na msaidizi akamaliza wa kwanza. Coppi alikuwa na miaka 20, na hadi leo hakuna aliyeshinda Giro akiwa na umri mdogo kuliko huo. Siku moja tu baada ya mashindano kumalizika, Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Vita ilimnyang'anya miaka yake mizuri. Mwaka 1942, mjini Milan, aliweza kukimbia zaidi ya kilometa 45 ndani ya saa moja, rekodi iliyodumu hadi 1956. Lakini mwaka 1943 alikuwa askari Tunisia, na huko Waingereza walimkamata. Alifungwa kama mateka wa vita, kwanza Tunisia, kisha Algeria. Hivyo ndivyo Coppi alivyoijua Afrika mara ya kwanza, akiwa mfungwa. Alirudi nyumbani mwaka 1945. Mwaka uliofuata alishinda mbio za Milan hadi Sanremo, akimwacha wa pili kwa dakika 14.

Barabara za Ufaransa

Tour de France ilianzishwa mwaka 1903. Kila mwaka, mwezi wa saba, kwa muda wa wiki tatu hivi, mashindano hayo huzunguka nchi. Kila siku ina etapi yake. Barabara hupita kati ya mashamba ya ngano na mizabibu, huingia katika vijiji vyenye makanisa ya mawe ya miaka mia nyingi, kisha hupanda milima ya Alpes na Pyrénées. Watu wa vijijini hutoa viti nje na kukaa kando ya barabara saa nzima, ili tu wawaone wakimbiaji wakipita kwa nukta chache.

Coppi alikwenda huko mara ya kwanza mwaka 1949, na nusura arudi nyumbani mapema. Katika etapi ya kwenda Saint-Malo, kwenye kijiji cha Mouen katika Normandie, aligongana na Mfaransa Jacques Marinelli, na baiskeli yake ikaharibika. Aliletewa nyingine isiyomfaa. Alikasirika, akataka kuacha mashindano. Kiongozi wa timu, Alfredo Binda, alifanya kazi kubwa kumtuliza. Siku hiyo Coppi alipoteza zaidi ya dakika 18, na jioni alikuwa zaidi ya dakika 36 nyuma ya Marinelli aliyekuwa wa kwanza. Wengi walimhesabu kama mtu aliyekwisha.

Milima ya Alpes ilibadilisha hesabu. Coppi na Bartali waliwaacha wenzao na kufika pamoja Briançon, mji wa zamani uliozungukwa na kuta za ngome. Kesho yake Coppi alishinda peke yake huko Aosta na kuvaa jezi ya njano. Alifika Paris karibu dakika 11 mbele ya Bartali. Kwa kuwa alikuwa ameshashinda Giro miezi hiyo hiyo, akawa mtu wa kwanza kushinda mashindano yote mawili katika mwaka mmoja.

Mwaka 1952 hakuna aliyeweza kumfuata. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, Tour iliweka mistari ya mwisho juu kabisa ya milima. Kulikuwa na Alpe d'Huez na kona zake 21, Sestriere upande wa Italia, na Puy de Dôme, volkano ya zamani iliyozimika katikati ya Ufaransa. Mtu wa Goma anayeitazama Nyiragongo kila siku anaweza kuelewa maana ya kupanda mlima wa namna hiyo kwa baiskeli. Coppi alishinda kwenye milima yote mitatu. Wa pili, Mbelgiji Stan Ockers, aliachwa kwa zaidi ya dakika 28. Waandaaji waliongeza zawadi ya nafasi ya pili ili wengine wasikate tamaa.

Hakuwa malaika. Alikiri waziwazi kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu, ambazo wakati huo hazikuwa zimekatazwa. Na maisha yake ya nyumbani yalikuwa na machozi. Mwaka 1951 mdogo wake Serse, mwendesha baiskeli pia, alianguka kwenye mbio karibu na Turin na kufa. Baadaye Coppi alimwacha mke wake, Bruna, akaishi na Giulia Occhini, mke wa daktari mmoja. Italia ya wakati ule haikuwa na sheria ya talaka. Wawili hao walipelekwa mahakamani kwa uzinzi, na mwaka 1955 walihukumiwa. Mtoto wao wa kiume alizaliwa Argentina, mbali na macho ya watu.

Safari ya Ouagadougou

Mwisho wa mwaka 1959 Coppi alikuwa amekwisha kuzeeka kwa mchezo wake, lakini jina lake bado lilivuta watu. Ulikuwa wakati wa mabadiliko makubwa Afrika. Viongozi wa Congo walikuwa karibu kwenda Brussels kwenye Table Ronde ya mwezi wa kwanza 1960. Haute-Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, ilikuwa ikisherehekea mwaka mmoja wa jamhuri yake chini ya Maurice Yaméogo. Katika sherehe hizo walialikwa mabingwa wa Ulaya kushindana na wakimbiaji wa nchi.

Tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili walikimbia katika mitaa ya Ouagadougou. Walikuwepo Wafaransa Jacques Anquetil, Louison Bobet na Raphaël Géminiani, rafiki mkubwa wa Coppi. Anquetil alishinda, Coppi akawa wa pili. Baada ya mbio, wageni walipelekwa kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja, na mbu walikuwa wengi.

Wakarudi Ulaya, kila mmoja kwao. Mbu anayebeba malaria haachi alama ya kutisha. Vimelea hujificha kwanza kwenye ini, na homa huanza baada ya wiki moja, mbili au zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kusafiri, kufika nyumbani, kula Krismasi na familia yake, na kusahau kwamba aliwahi kuumwa na mbu.

Marafiki wawili, homa moja

Siku chache baada ya Krismasi wote wawili walianguka, Géminiani huko Clermont-Ferrand, Coppi huko Italia. Dalili zilikuwa zile zile: homa kali, kutetemeka, kutapika, mwili kuisha nguvu.

Kwa Géminiani, damu ilipelekwa kupimwa katika Institut Pasteur. Ilionekana ni malaria ya *Plasmodium falciparum*, aina inayoua kuliko zote. Alikuwa amekwisha kupoteza fahamu, lakini alipewa kinini na akapona. Aliishi hadi mwaka 2024, akafa na miaka 99.

Kwa Coppi, madaktari walidhani ni mafua makali yaliyoingia kwenye mapafu, wakamtibu hivyo. Familia ya Géminiani ilipiga simu kutoka Ufaransa kuwaonya kwamba rafiki yake alikuwa na malaria. Onyo hilo halikusikilizwa. Coppi alipelekwa hospitali ya Tortona akiwa katika hali mbaya, na asubuhi ya tarehe 2 mwezi wa kwanza akafa. Maelfu ya watu walipanda kilima cha Castellania kumzika. Leo kijiji hicho kinabeba jina lake: Castellania Coppi.

Miaka 42 baadaye, mwaka 2002, gazeti moja la Italia lilitoa habari kwamba Coppi alipewa sumu Afrika kwa kulipiza kisasi. Mwendesha mashtaka wa Tortona alifungua uchunguzi, kisha akaufunga. Watu wa Kivu wanaoogopa *karuho* wanaijua hadithi ya namna hiyo. Mtu akifa ghafla, wengi huanza kutafuta aliyemroga au aliyemlisha sumu. Kumbe jibu lilikuwa ndani ya damu ya Coppi, na aliyelala naye chumba kimoja alikuwa ameshalipata.

Tone moja la damu

Kulingana na Shirika la Afya Duniani, OMS, Congo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria. Karibu wote wanaugua aina ile ile iliyomuua Coppi. Leo kipimo cha haraka, ambacho wauguzi wanakiita TDR, kinahitaji tone moja la damu kutoka kwenye kidole, na jibu linapatikana kwa dakika kama 20. Dawa za sasa ni bora kuliko kinini ya mwaka 1960.

Lakini kosa la mwaka 1960 halijakwisha. Linarudi kila mara mtu anaposema homa ni uchovu wa mgodi, au mafua ya mvua, au mkono wa jirani, akanunua vidonge vya maumivu sokoni na kungoja. Linarudi pia mtu anayetoka Lualaba kwenda Ulaya au Afrika Kusini anapougua huko, mbele ya daktari ambaye hajaona malaria maishani mwake. Mgonjwa huyo ana neno la kumwambia daktari: nimetoka wapi, na lini.

Hapa Kapata, watu wanaosukuma baiskeli kati ya migodi na ziwa Malo wanaijua homa hii tangu utotoni. Mama wa hapa, hata kama hajawahi kusikia habari za Tour de France, angeweza kuwaambia madaktari wa Coppi kitu cha kufanya: mpimeni damu.