MAISHA YA MATSUO BASHŌ, MTU WA SAFARI

Mara hii tunawaletea maisha ya mtunga mashairi wa Japani, Matsuo Bashō.

Alizaliwa mwaka 1644 katika jimbo la Iga. Jamaa yake haikuwa tajiri. Akiwa kijana aliingia kazi katika nyumba ya mkubwa mmoja wa kule, na kijana wa nyumba ile, Tōdō Yoshitada, akawa rafiki yake, kwa sababu wote wawili walipenda mashairi. Mwaka 1666 Yoshitada akafa. Bashō aliacha kazi ile, na mnamo 1672 akaenda Edo, mji mkubwa unaoitwa leo Tokyo. Pale alifundisha watu kutunga mashairi mafupi ya silabi 17 tu, akapata wanafunzi mingi na sifa.

Mwaka 1680 alitoka katikati ya mji, akahamia kibanda ng'ambo ya mto Sumida. Mwanafunzi wake akamletea mgomba, akaupanda hapo nyumbani. Kule kuko baridi. Mgomba wa namna ile hauzai ndizi za kula, na upepo unapasua majani yake. Lakini yeye aliupenda sana, njo maana akajiita Bashō, ni kusema mgomba. Mwisho wa 1682 moto uliunguza kibanda, na mwaka uliofuata mama yake akafa.

Mwaka 1684 akaanza kusafiri kwa miguu. Karibu na mto Fuji, kama alivyoandika mwenyewe, alikuta mtoto mdogo ametupwa na wazazi, analia. Bashō alimrushia chakula kidogo, akapita. Sisi tunaojua mfano wa Msamaria mwema tunauliza: kwa nini hakumbeba? Mimi naona sifa zake zote hazifuti jambo lile. Lakini hakulificha. Aliliandika katika kitabu chake, na watu wanamhukumu hata leo.

Safari yake kubwa ilikuwa ya mwaka 1689, akiwa na miaka karibu 45, na mwili wake haukuwa na nguvu. Alimwachia mtu mwingine kibanda chake, akaondoka Edo pamoja na mwanafunzi wake Sora. Mgongoni alibeba nguo ya karatasi, koti la mvua, wino na kalamu, pamoja na zawadi za marafiki ambazo aliona haya kuzitupa, hata kama zilimlemea. Walipita Nikkō na Shirakawa, wakafika Hiraizumi, penye mji mkubwa wa wapiganaji wa zamani. Walikuta majani tu. Wakapanda Gassan, mlima mtakatifu wa mahujaji, wenye mita 1,984, wakikanyaga barafu na theluji. Njiani aligonjwa, lakini hakurudi nyuma. Baada ya miezi kama mitano na kilometa karibu 2,400, alifika Ōgaki, marafiki wakampokea kama mtu aliyefufuka.

Alifia Ōsaka mwaka 1694, akiwa tena safarini, na akazikwa Ōtsu, karibu na ziwa Biwa. Kitabu cha safari ile kilichapwa mwaka 1702, yeye hayuko tena. Leo wageni wa inchi mingi wanatafuta njia alizopita.

Ndugu wanafunzi, wengi wetu tunatembea mbali kufika masomoni. Tufungue macho njiani, tuandike tunayoyaona. Na tukimkuta mtoto analia, tusipite.