Edward Steere na Vijana Wapiga Chapa

Fungua ukurasa wowote wa kitabu hiki, uutazame kwa makini. Herufi zimesimama sawasawa na mistari imenyooka. Kitabu hiki hakikuandikwa kwa mkono, bali kilipigwa chapa. Sasa utasoma habari za mtu mmoja aliyefundisha kazi hiyo katika nchi yetu zamani, na habari za vijana waliojifunza kwake.

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akawa padri. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na wamisionari wenzake. Wakati huo binadamu walikuwa wakiuzwa sokoni kama mbuzi. Mwaka huohuo Sultani Majid aliwakabidhi wamisionari wavulana watano waliokuwa wametolewa katika jahazi la watumwa. Baadaye walikuja wengine wengi, wavulana kwa wasichana.

Fikiri hali ya mtoto kama huyo. Amenyakuliwa kwao bara na kuvushwa bahari. Hana baba wa kumrithisha shamba, wala mjomba wa kumfundisha uhunzi. Ameachwa huru, lakini akikua atakula nini?

Steere aliweka mtambo wa kupiga chapa, akawafundisha vijana kuutumia. Bila shaka angemaliza kurasa zake upesi zaidi kama angefanya kazi peke yake, maana mwanafunzi huharibu karatasi nyingi kabla ya kupata ukurasa mmoja safi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila herufi ilikuwa kijiti kidogo cha madini, na kichwani pake herufi imetokeza, nayo imegeuzwa. Andika jina lako karatasini, kisha liweke mbele ya kioo. Unavyoliona humo ndivyo mpanga herufi alivyoona maneno yake kutwa nzima. Ilimlazimu kusoma kinyume na kupanga kijiti kimoja kimoja mpaka ukurasa ujae.

Vijiti hivyo vilitengenezwa kwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Risasi huyeyuka kwa urahisi, lakini ni laini mno. Ikiwa peke yake herufi zingebonyea mapema. Antimoni huifanya iwe ngumu. Tena risasi ni sumu, na kwa hiyo mpanga herufi hupaswa kunawa mikono vizuri kabla ya kugusa chakula.

Ukurasa ukisha kupangwa, herufi zilipakwa wino mzito wa masizi na mafuta. Karatasi iliwekwa juu yake, kisha kijana akauvuta mkono wa mtambo. Mkono huo ni wenzo. Umekwisha jifunza kwamba wenzo huwezesha nguvu ndogo ya mtu kuwa nguvu kubwa upande wa pili. Ndivyo karatasi ilivyokandamizwa juu ya herufi zote kwa mara moja.

Jaribu jambo moja. Hesabu herufi «a» na herufi «e» katika aya iliyotangulia. Makasha ya herufi yaliyotayarishwa kwa lugha ya Kiingereza huwa na «e» nyingi kuliko herufi nyingine zote. Je, mpiga chapa wa Kiswahili akiletewa kasha la namna hiyo, ataishiwa na herufi gani kwanza?

Mwaka 1867 kilipigwa chapa Unguja kijitabu cha Steere juu ya lugha ya Kisambaa, na mwaka 1876 kingine juu ya lugha ya Kimakonde. Kama kwenu ni Newala au Mnyambe, basi fahamu kwamba maneno ya bibi zako yalipangwa kwa vijiti vya risasi miaka mingi kabla wewe hujazaliwa. Owen Makanyassa alikuwa mmoja wa vijana waliofanya kazi katika kiwanda hicho.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mahali pake Steere, ambaye mwaka 1874 alifanywa askofu, alijenga kanisa kubwa, na hapo tena watu walijifunza ufundi. Paa lake halina boriti za mbao. Ni kuba refu la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Yasimuliwa kwamba siku moja Steere alikuwa safarini, na mafundi wakasimamisha nguzo kadhaa ndogo juu chini, chini juu. Nguzo hizo zingali hivyo mpaka leo, na wageni huonyeshwa. Wengine hucheka, lakini mimi sioni kwamba mafundi wale walikuwa wajinga. Mikono yao iliweza kusimamisha nguzo nzito ya mawe. Inaelekea hakuna aliyewaeleza nguzo iliyokamilika huonekanaje.

Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu walioachwa huru, zaidi ya hamsini, kwa miguu kutoka Lindi kuelekea bara. Walikusudia kufika karibu na Ziwa Nyasa, ambako wengi walikuwa wametoka. Walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe, walipapenda, wakaanza kujenga nyumba na kulima. Hivyo ndivyo makao yao yalivyoanza hapo. Steere alirudi Unguja, akaendelea na vitabu na ujenzi wake. Alifariki huko mwezi wa Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa alilolijenga.

Baadaye watawa wa Kibenediktini walianzisha kiwanda cha chapa huko Ndanda, njiani kati ya Masasi na Lindi. Siku hizi vijiti vya risasi vimekaribia kutoweka viwandani. Maneno hupangwa kwa kompyuta, kisha hutiwa juu ya bamba jembamba la alumini. Sehemu zenye maneno hushika wino wa mafuta, na sehemu tupu hushika maji. Nawe wajua kwamba mafuta na maji hayachanganyiki. Mabamba hayo yalipoingia, wapanga herufi waliokuwa wamezoea kusoma kinyume kwa miaka mingi iliwabidi wakae tena kitako, wajifunze kazi upya pamoja na vijana.